Wasomaji Wanauliza: Kinasa Sauti cha Kwenda Nacho Mbali

Safari hii barua tulizochagua zinahusu jambo moja: kunasa sauti mahali ambapo hakuna umeme, hakuna fundi, na waya ukikatika hakuna duka la kukimbilia. Barua tumezifupisha. Tunapotaja kifaa kwa jina ni ili msomaji ajue aina ya kitu tunachokizungumzia. Karibu kila kimoja kina mshindani wake anayefanana naye.

SWALI: Ndugu mhariri, nasoma isimu na nitakaa wiki nne kijijini nikiwarekodi wazee wakisimulia na wakitaja majina ya mimea. Umeme hakuna. Nimeangalia vinasa sauti mtandaoni hadi nimechanganyikiwa: kimoja kina maikrofoni zake, kingine hakina hata moja, kingine kina njia sita. Ninunue kipi? (Mwanafunzi wa isimu)

JIBU: Weka kinasa pembeni kwanza, uandike mambo matatu: utanasa saa ngapi kwa siku, watazungumza watu wangapi kwa wakati mmoja, na umeme utatoka wapi. Ukishayajua hayo, sehemu kubwa ya vifaa unavyoviona mtandaoni itajiondoa yenyewe.

Tuchukue saa nne kwa siku kwa siku 28. Hizo ni saa 112. Faili ya WAV ya 48 kHz, biti 24, stereo, hula GB 1.04 hivi kwa saa, kwa hiyo utahitaji nafasi ya GB 116 au 117. Usishuke chini ya kiwango hicho. 48 kHz na biti 24 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na mwongozo wa IASA-TC 04, wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kwa sauti za kuhifadhiwa, na hifadhi za lugha nyingi zitakudai hivyo hivyo. MP3 iache kabisa kwa kazi hii. Inapunguza faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizikosi, lakini mtu wa fonetiki atakayetaka kupima irabu na konsonanti hizo baada ya miaka 30 atazikosa, na zilizotupwa hazirudi. Chukua kadi nne au tano za GB 32, kila moja ikibeba takriban saa 30, badala ya kadi moja kubwa. Kadi moja ikiharibika utapoteza wiki moja ya kazi, si safari nzima.

Sasa umeme, ambao ndio unaowakwamisha wengi. Kinasa chenye matundu mawili ya XLR (yale ya mviringo ya pini tatu) kinacholisha maikrofoni za kondensa, zile zinazohitaji umeme, kikadirie kwenye wati moja na nusu. Kwa saa nne ni Wh (wati-saa) 6 kwa siku, na kwa siku 28 ni Wh 168. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ina Wh 74 (zidisha kwa volti 3.7, ugawe kwa 1,000), ila kinachofika kwenye kinasa baada ya upotevu ni kama Wh 60, yaani siku kumi. Pawabenki mbili na paneli ya sola ya wati 20 zinakutosha. Paneli hiyo kwenye jua zuri hutoa wati 10 hadi 14, si 20, kwa hiyo kujaza pawabenki moja tupu ni kazi ya siku nzima ya jua. Betri mbili za AA za kuchajiwa zina Wh 4.8 kwa jumla, kama saa tatu za kazi. Hizo ziwe akiba. Usizitegemee kubeba safari.

Lakini hayo yote ni makadirio, na hesabu ya kwako utaipata nyumbani. Chaji kila kitu kijae, unganisha maikrofoni utakazotumia, weka muundo wa faili utakaotumia, chomeka hedifoni, kisha acha kinasa kinase hadi kizime. Urefu wa faili ya mwisho ndio ukweli. Saa zinazoandikwa kwenye boksi la kifaa mara nyingi hupimwa bila umeme wa fantomu, ile volti 48 inayopanda kwenye waya kwenda kwenye maikrofoni ya kondensa, na fantomu peke yake inaweza kula nusu ya chaji.

Tukirudi kwenye kinasa chenyewe: kwa msimulizi mmoja na anayemhoji, njia mbili, yaani maikrofoni mbili zinazonaswa kila moja peke yake, zinatosha. Njia sita ni za kikundi cha waimbaji, na kila njia ya ziada ni uzito na umeme. Tafuta matundu ya XLR yanayojifunga, kwa sababu tundu dogo la 3.5 mm hulegea haraka likivutwa kila siku, na likilegea sauti inakatikakatika bila wewe kuona kitu kwenye kioo. Kiwe kinakula AA na pia USB. Kiwe na swichi ya kufunga vitufe. Zoom F3 ni ndogo na ina priampu (kikuza sauti ya maikrofoni) tulivu, lakini haina maikrofoni ya ndani: waya wako ukikatika, umebaki bubu. Zoom H5 au Tascam DR-40X ni kubwa zaidi na priampu zake si tulivu kiasi hicho, ila zina maikrofoni zake zinazokuokoa siku ya shida. MixPre-3 II ya Sound Devices inazishinda zote kwa ubora wa sauti na pia kwa njaa ya umeme; kwa wiki nne bila gridi tusingekushauri. Ushauri wetu ni F3 pamoja na kinasa kidogo cha pili cha mfukoni, kikinasa kila kikao sambamba na kile kikubwa. F3 hunasa kwa biti 32 za floti tu, GB 1.38 kwa saa, kwa hiyo kwayo hesabu GB 155, yaani kadi tano kamili.

Na usimalize fedha zote kwenye kinasa. Tenga nusu au zaidi kwa maikrofoni, vikinga upepo, hedifoni na umeme. Kwa wazee waliokaa, maiki ya kubana kwenye nguo inayosikia pande zote ndiyo bora: ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mahali ambapo nguo haitaisugua, kisha tengeneza kitanzi kidogo cha waya chini ya kibanio ili mvuto wa waya usifike kwenye maiki. Maiki ya upande mmoja usiibane kifuani, kwa sababu msimulizi akigeuza kichwa sauti inapotea. Chukua na maiki moja ya dainamiki ya kushika mkononi, kama RE50 ya Electro-Voice. Haihitaji fantomu, haiogopi unyevu, na hata ikianguka itaendelea kufanya kazi.

Zima kirekebishi cha kiwango cha kujiendesha. Msimulizi anaponyamaza kidogo, kirekebishi hicho huinua sauti za majani na kuku wa nje, kisha neno la kwanza linapotoka hulibana ghafla. Kwenye kinasa kinachopangwa kiwango, panga kwa mkono: mazungumzo ya kawaida yacheze kati ya -24 na -18 dB kwenye kipimo chake, na kicheko kikubwa kisivuke -12.

SWALI: Simu yangu inanasa vizuri tu. Kuna haja gani ya kubeba kifaa kingine?

JIBU: Kwa kumbukumbu za sauti za mtu mmoja ndani ya chumba, hakuna haja kubwa, hasa ukiipa simu maikrofoni ya nje ya USB-C na programu inayotoa WAV na kukuachia kupanga kiwango mwenyewe. Shida za simu ziko kwingine. Programu nyingi za kunasa hupitisha sauti kwenye usafishaji wa kelele uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na usafishaji huo hula ngoma, maji, ndege na minong'ono. Mfumo wa kuokoa betri unaweza kuifunga programu baada ya kioo kuzimika, ukaja kugundua saa moja baadaye. Na betri unayoitumia kunasa ndiyo hiyo hiyo utakayohitaji ukipata dharura.

Ukiitumia, iweke kwenye hali ya ndegeni, iondoe programu ya kunasa kwenye orodha ya kuokoa betri, na uilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, isikae moja kwa moja juu ya meza. Tungeipa kazi ya kinasa cha akiba, na hapo ni ya thamani kweli.

Hata simu isiyonasa chochote inaweza kuharibu rekodi ya kifaa cha jirani. Simu za GSM hutuma mawimbi kwa mapigo 217 kwa sekunde, na waya wa maikrofoni usiokingwa vizuri huyapokea kama mngurumo wa "dzz-dzz-dzz". Kabla ya kuanza, simu za watu wote zizimwe au zikae mbali mita mbili au zaidi.

SWALI: Nanasa ndege na vyura usiku. Kila rekodi ina "shaaa" nyuma yake. Nimebadilisha kinasa mara mbili na bado iko pale pale. Tatizo ni nini?

JIBU: Kwa maelezo yako, tatizo ni maikrofoni. Kila maikrofoni ina mvumo wake wa ndani, unaopimwa kwa dB(A), na namba ikiwa ndogo ni afadhali. Maikrofoni zilizojengwa ndani ya vinasa vidogo mara nyingi ziko kwenye 20 au zaidi. Msitu tulivu usiku unaweza kushuka hadi kiwango hicho au chini yake, kwa hiyo unachokisikia ni maikrofoni ikijisikiliza yenyewe. Kinasa kipya chenye maikrofoni za aina ile ile hakiwezi kukusaidia.

Kwa kazi ya usiku tafuta 14 dB(A) kwenda chini. Kapsuli (sehemu ya maiki inayopokea sauti) ya Primo EM272, inayouzwa ndani ya maiki ndogo za tundu la 3.5 mm, iko kwenye 14 na inakula umeme mdogo sana. Kwa mtu anayebeba mzigo mgongoni hatujaona njia nyepesi kuliko hiyo. NT1 ya Rode hushuka hadi karibu 4.5, ni tulivu ajabu, lakini ni nzito, inataka fantomu na haipendi unyevu.

Namba ya pili ya kusoma ni wepesi wa maikrofoni kusikia, unaoandikwa kwa mV/Pa. Maiki ya 8 mV/Pa inatoa volti mara nne ya maiki ya 2 mV/Pa, yaani inakuokolea 12 dB ambazo priampu ya kinasa ingelazimika kuziongeza pamoja na kelele zake. Ndiyo maana maiki ya dainamiki, nzuri sana kwa mahojiano, haifai hata kidogo kwa chura aliye mita 30.

Kisha kuna umbali, ambao haugharimu kitu. Penye uwazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata 6 dB. Kutoka mita 16 hadi mita 4 ni 12 dB. Acha maiki pale wanapoimbia, rudi nyuma na waya mrefu au uache kinasa hapo hapo, na uondoke: nyayo, pumzi na nguo zako zina kelele kuliko unavyodhani. Sahani ya kukusanya sauti nayo inasaidia, ila jua mpaka wake. Sahani ya sentimita 50 huanza kukusanya vizuri kuanzia takriban 700 Hz, kwa sababu chini ya hapo wimbi la sauti ni refu kuliko sahani yenyewe. Kwa ndege wadogo ni nzuri. Kwa bundi mwenye mlio mzito itamfanya asikike mwembamba na wa mbali.

SWALI: Je, hedifoni za bluetooth zinafaa kusikilizia wakati wa kunasa?

JIBU: Hapana. Sauti hufika imechelewa na imebanwa, na vinasa vingi havina njia ya kuituma. Tumia za waya, zinazofunika sikio zima. MDR-7506 ya Sony hukunjwa ikaingia begini na ina ohmu 63, mzigo ambao kinasa kidogo kinaumudu.

SWALI: Upepo unaniharibia kila kitu. Nimewasha kichujio cha sauti nzito, nimevaa maikrofoni sponji, lakini bado inabubujika "bufu-bufu". Kwenye hedifoni sikuisikia, nyumbani kwenye spika ndiyo inatisha.

JIBU: Sponji ni ya pumzi ya msemaji na upepo wa feni. Upepo wa kweli unataka manyoya, na nyuma ya manyoya unataka nafasi ya hewa iliyotulia. Hiyo nafasi ndiyo inayofanya kazi. Upepo ukigonga manyoya hupoteza nguvu kwenye nyuzi, kisha ile hewa ya ndani huzuia msukosuko uliobaki usifike kwenye kapsuli. Ukivuta soksi ya manyoya ikabana moja kwa moja juu ya maiki, umepata sehemu ndogo tu ya faida. Kwa ufukweni, kileleni au kwenye chombo kinachokwenda, tafuta kile kizimba cha mfano wa yai kinachovikwa manyoya, ambamo maiki huning'inia kwenye mipira. Kwa kinasa cha mfukoni, kofia ya manyoya iwe pana kiasi kwamba kati yake na maiki kidole kinapita.

Kichujio kina mipaka ambayo watengenezaji hawaisemi waziwazi. Kwenye vinasa vingi huchuja baada ya sauti kuwa tayari imegeuzwa kuwa namba. Upepo ukishaijaza priampu au kapsuli, sauti imepasuka kabla ya kukifikia kichujio, na kinachochujwa ni mapande. Kiwashe kwa 80 Hz kwa mazungumzo, ndiyo, lakini pamoja na manyoya. Kwa ngoma kizime, la sivyo utaikata ngoma yenyewe.

Kuhusu hedifoni kutokukuonya: nguvu kubwa ya upepo iko chini kabisa, mahali ambapo hedifoni ndogo hazifiki na sikio ni zito. Tazama kipimo cha kiwango. Kama hakuna anayesema lakini kipimo kinarukaruka hadi -20, huo ni upepo. Geuza mgongo wako uwe ukuta, shuka chini karibu na ardhi ambako upepo ni dhaifu, au sogeza kikao nyuma ya kichaka kinene. Nyuma ya mti mmoja mwembamba ni pabaya kuliko uwanda, kwani upepo huzungukazunguka hapo. Manyoya yakilowa mvua hayakingi tena; yapukute, yachane kwa kitana cha meno mapana, yakauke kabla ya kuyarudisha kwenye mfuko.

SWALI: Maikrofoni yangu ya kondensa ilianza kutatarika kama kitu kinakaangwa, siku ya tatu kwenye eneo lenye unyevu mwingi. Nikirudi nayo nyumbani inafanya kazi vizuri. Imekufa au haijafa?

JIBU: Haijafa. Ndani ya kapsuli kuna utando mwembamba uliokaa karibu mno na bamba lenye chaji ya umeme. Unyevu ukituama hapo, chaji huvuja kidogo kidogo, na kila mvujo ni mtatariko. Ikikauka inapona, mradi haukuiachia chumvi au vumbi ndani.

Mara nyingi maji huingia wakati wa kutoka chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Kifaa kilicholala kwenye chumba cha nyuzi 22, ukikitoa nje na kukifungua, kinalowa ndani na nje. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kikiwa bado chumbani, kitoe nje, na usifungue mfuko hadi kipate joto la nje, dakika 30 hadi 60. Afadhali zaidi usikilaze kwenye kiyoyozi kabisa.

Usiku hifadhi maikrofoni kwenye boksi lenye mpira wa kuzuia hewa pamoja na silika jeli. Kwa boksi la lita tano, mifuko miwili ya gramu 50 inatosha kuanzia. Nunua ile inayobadilika rangi. Ya rangi ya machungwa ikiwa kijani imeshiba, na inabidi ikaushwe kwa nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa. Kwenye safari ndefu unaweza kuimwaga punje zake kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo sana na kuikoroga hadi rangi irudi, kisha uifunge ikiwa bado na uvuguvugu. Boksi lifunguliwe mara chache. Kila ukilifungua unaichosha silika.

Maiki ikianza kutatarika ukiwa kazini, izime fantomu, itoe, iingize kwenye boksi la silika, na uendelee na ya dainamiki. Usiipulize kwa mdomo, kwani pumzi ni unyevu mtupu, wala usiianike kwenye jua kali. Kama kazi yako yote iko kwenye misitu ya mvua na uwezo upo, maikrofoni za MKH za Sennheiser hutumia masafa ya redio badala ya chaji kubwa kwenye kapsuli, na zinavumilia unyevu kuliko kondensa za kawaida. Ni ghali, na kwa mazingira hayo zinastahili.

SWALI: Muuzaji ananiambia kinasa cha biti 32 za floti hakiwezi kupasua sauti, nisahau habari za kupanga kiwango. Ni kweli?

JIBU: Kwa upande wa faili, ni kweli. Kinasa cha aina hiyo kilichotengenezwa vizuri hutumia vigeuzi viwili kwa kila njia, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha kubwa, na faili inabeba vyote. Sauti iliyozidi unaishusha baadaye kwenye kompyuta, ikarudi nzima.

Lakini maikrofoni nayo ina kikomo chake. Kama imeandikwa mwisho 115 dB na ngoma iliyo nusu mita inatoa zaidi ya hapo, inapasukia kwenye maiki, na hakuna biti zitakazoiunganisha. Kelele za priampu zinabaki vile vile. Upepo unabaki vile vile. Faili inakua kwa theluthi, kutoka GB 1.04 hadi 1.38 kwa saa, na kila faili itabidi uipandishe au uishushe kiwango kabla ya kumpa mtu aisikilize. Kwa mtu anayehoji, anaandika na kunasa peke yake, tungekishauri bila kusita. Kama tayari una kinasa kizuri cha biti 24, nunua maikrofoni.

SWALI: Pawabenki yangu inachaji simu vizuri, ila nikiiunganisha na kinasa inazima baada ya nusu dakika. Na betri za AA za kuchajiwa zinaonyesha zimebaki nusu hata zikiwa mpya.

JIBU: Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo ni mdogo, kwa kudhani simu imeshajaa. Kinasa kidogo kinakula chini ya kikomo hicho. Baadhi zina hali ya mkondo mdogo, aghalabu kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Soma karatasi yake. Isipokuwa nayo, unganisha kifaa kingine chenye njaa kidogo kwenye tundu la pili, kwa mfano taa ndogo ya USB. Vyovyote vile weka AA ndani ya kinasa kama akiba, kisha ujaribu nyumbani: anza kunasa, chomoa USB, utazame kama kinahamia AA bila kukata faili. Vingine vinahamia, vingine vinazima. Na usinase huku pawabenki ikichajiwa na sola, kwa kuwa mlio mwembamba wa chaja mara nyingi huingia kwenye sauti.

Kuhusu AA: za NiMH zina volti 1.2, za alkalaini 1.5. Nenda kwenye menyu, chagua aina ya betri, na kipimo kitasema kweli. Tahadhari na AA za lithiamu za kuchajiwa za volti 1.5. Zina sakiti ndani inayoshikilia volti hadi dakika ya mwisho, hivyo kinasa kinaonyesha zimejaa, kisha zinakata ghafla. Na sakiti hiyo inaweza kuleta kelele. Za lithiamu zisizochajiwa hazina shida hiyo, ni nyepesi, na hufanya kazi hata kwenye baridi ya -40. Kwa milima mirefu chukua hizo.

SWALI: Uwanja wa ndege wataninyang'anya betri? Mashine ya kukagua mizigo itafuta kadi?

JIBU: Kadi haitafutwa. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki zikae kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa. Hadi Wh 100 kwa kila moja huruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege mapema. Ya 20,000 mAh, yenye Wh 74, iko salama. Hakikisha maandishi ya uwezo wake yanasomeka, kwani yakifutika mkaguzi ana haki ya kuikataa.

SWALI: Naomba msaada wa haraka. Kinasa kilianguka, betri zikachomoka katikati ya mahojiano ya saa mbili. Faili ipo kwenye kadi, ukubwa wake ni GB 1.9, lakini hakuna programu inayoifungua. Inasema urefu ni sifuri.

JIBU: Ukubwa huo unatia moyo, sauti yako imo. Faili ya WAV huanza na kichwa kinachosema data ni ndefu kiasi gani, na vinasa vingi hukijaza kichwa hicho mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Chako hakikupata nafasi, kwa hiyo programu inasoma sifuri na kuishia hapo.

Usinase chochote zaidi kwenye kadi hiyo, wala usikubali kinasa au kompyuta ikikuomba kuifomati. Kama ni SD kubwa, sogeza kile kitufe cha pembeni cha kufunga uandishi. Kama ni microSD, itie kwenye adapta yenye kitufe hicho. Nakili faili kwenye kompyuta, kisha nakili tena, ufanyie kazi nakala ya pili.

Fungua Audacity, ambayo ni ya bure. Kwenye menyu ya faili, penye kuingiza, chagua data ghafi, siyo sauti ya kawaida. Dirisha litakalotokea litakuuliza mambo ambayo kichwa cha faili kingeyajibu. Jaza kama kinasa kilivyokuwa kimepangwa: PCM ya biti 24 yenye alama, mpangilio wa baiti ndogo kwanza, njia 2, 48,000 Hz, na mahali pa kuanzia weka 0. Ingiza, usikilize. Ukisikia mkwaruzo mfupi mwanzoni kisha sauti ya mtu, umefaulu. Mkwaruzo ni kichwa chenyewe kikisomwa kama sauti, ukate. Ukisikia kelele tupu mwanzo hadi mwisho, baiti zimepishana: futa, ingiza tena ukianzia 1, kisha 2. Kwa biti 24 kila sampuli ni baiti tatu, hivyo moja kati ya 0, 1 na 2 lazima ikae sawa. Kama sauti ni safi lakini kushoto kumekuwa kulia, ongeza 3. Kama watu wanaongea kwa kasi au polepole, umekosea 48,000. Jaribu 44,100 au 96,000. Na kama kinasa kilikuwa kwenye biti 32 za floti, chagua hiyo badala ya PCM, na mahali pa kuanzia yajaribu 0 hadi 3.

Ikikaa sawa, ihifadhi kama WAV mpya kwa jina jipya. Faili ingekuwa inaonyesha KB 0, njia ingekuwa nyingine: PhotoRec, nayo ya bure, husoma kadi yote na kuokota vipande vya WAV bila kutegemea orodha ya faili.

Kwa safari ijayo, zungushia mlango wa betri utepe wa kitambaa, na katika mahojiano marefu simamisha na uanze upya kila baada ya dakika 40, penye kituo cha kawaida cha mazungumzo. Jioni, kabla ya kulala, nakili kadi ya siku sehemu mbili, diski ndogo ya SSD na kadi nyingine, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye kila nakala uzisikilize mwanzoni, katikati na mwishoni. Kadi ya asili usiifute hadi urudi.